Kifua cha Mwalimu Taratibu

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekalia kiti cha mbele, upande wa kushoto, katika gari dogo jeupe lenye kibao chekundu juu ya paa, akiwafundisha watu wazima jambo ambalo kila mmoja wao aliamini angelijua siku ya kwanza. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye vyeti vilivyoning'inia ofisini, lakini hakuna aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Mwalimu Taratibu, maana hilo ndilo neno lililomtoka kinywani siku nzima. "Taratibu klachi. Taratibu kona. Taratibu, baba, huyo ni mtu anavuka, si tuta."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mguu wa kulia usiojua mapumziko. Gari lile lilikuwa na breki ya pili upande wake, na mguu ulikuwa umeizoea kiasi kwamba hata nyumbani, akitazama filamu sebuleni, dereva wa kwenye filamu akikaribia kona, yeye alikanyaga zulia.

"Umetuokoa tena," mumewe alikuwa akimwambia, bila kuondoa macho kwenye televisheni.

Maumivu yalimwanza asubuhi ya Jumanne, alipoinama kufunga kamba za viatu. Kitu kilimchoma kifuani, upande wa kushoto, kama mtu aliyemdunga kwa ncha ya kalamu. Akainuka. Kikatulia. Akasema, "Gesi," akabeba mkoba wake akaenda kazini. Jumatano kikamchoma alipopiga chafya. Alhamisi kikamchoma alipojinyoosha kuchukua faili juu ya kabati. Kufikia wiki ya pili kilikuwa na ratiba inayoeleweka kuliko ya shule ya udereva: asubuhi kidogo, mchana zaidi, jioni ndiyo usiseme. Jumapili, siku ya mapumziko, kilimwacha kidogo, naye akatangaza kuwa amepona. Jumatatu saa nne kikarudi.

Kosa lake lilikuwa kumwambia mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, mpole, mwenye kibanda cha viti viwili na kioo kimoja kirefu, na aliapa hatamwambia mtu. Na kweli hakumwambia mtu. Aliuliza tu, huku mashine ikinguruma kwenye visogo vya wateja, kwa niaba ya "mtu mmoja ninayemfahamu". Kila jioni akarudi nyumbani na majibu.

"Leo kichwa cha kwanza kimesema ni nyongo," aliripoti akivua koti la kazi. "Kichwa cha pili, yule fundi bomba, anasema ni mfupa umeteguka. Cha tatu kimesema mtu huyo aache kulalia ubavu wa kushoto. Cha nne kilikuwa na haraka."

"Na kichwa chako wewe kinasemaje?"

"Changu kinasema twende hospitali."

"Hicho kimeshinda kibandani siku nzima, kimechoka. Kikapumzike."

Haikupita wiki, Mwalimu Taratibu akaanza kupewa pole njiani na watu asiowajua. Muuza magazeti alimpa pole. Fundi saa alimpa pole, akaongeza kwamba nyongo haina mchezo. Huyo "mtu mmoja" akagundua kuwa mtaa mzima unamfahamu hadi mbavu zake.

Yeye mwenyewe aliamua kujipima. Ofisi ya shule ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu tangu enzi za meneja aliyepita. Akapiga hesabu: mtu mwenye moyo mbovu hawezi kupanda ngazi zile bila kusimama. Basi akapanda mbio mbio, mkoba begani, hadi juu, bila kusimama. "Mnaona?" aliuambia ukuta. Akacheka kwa ushindi, na kicheko kile kikamchoma kifuani hadi akauegemea ukuta uleule aliokuwa akijigamba mbele yake. Siku nyingine alilala chali akahesabu mapigo ya moyo kwa kufuata saa ya ukutani. Alipofika thelathini na kitu akapotea, hakujua tena kama anahesabu moyo au saa. Saa ilionekana nzima. Akachukua hilo kuwa habari njema.

Binti yao, aliyekuwa akisoma mbali, naye alipopata habari alituma jumbe kumi na moja kwa siku moja, kila mmoja ukiwa na ugonjwa wake. Mama akasoma wa kwanza, akaizima simu, akaiweka chini ya mto. Kati ya kujua na kutojua, alikuwa amechagua kujifanya hamnazo.

Hali ilikuwa hivyo hadi Alhamisi ya wiki ya tatu.

Mwanafunzi wa saa mbili asubuhi alikuwa muuza nyama, jitu la watu, ambaye wote walimwita Bucha. Mikono yake iliweza kuinua nusu ya ng'ombe, na mguu wake ulikanyaga breki kama anapasua mfupa wa paja. Asubuhi hiyo alisimamisha gari ghafla mara sita katika mtaa usio na mtu. Mara ya mwisho vitabu vya sheria za barabarani vilitoka kiti cha nyuma vikaja kukaa mbele.

"Samahani, Mwalimu. Niliona kuku."

"Bucha, ule ulikuwa mfuko wa plastiki."

"Ulitembea kama kuku."

"Hata angekuwa kuku mwenyewe, tungesimama taratibu naye angetushukuru."

Mwanafunzi wa saa tatu alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na moja, mnene kiasi, mwenye viganja vipana vilivyowapokea watoto kwa miaka thelathini na mitano. Hospitalini hakuna lililowahi kumtisha: si damu, si mayowe, si madaktari wakuu. Gari lilimtisha. Kijana wake alipohamia ng'ambo alimwachia gari uani, na yeye akaapa kwamba hatatimiza sitini na mbili huku limefunikwa turubai. Sasa alikuwa kwenye somo la nane. Akikaa nyuma ya usukani, mama huyu aliyezoea kutoa amri alikuwa na sauti ndogo kama ya mtoto wa shule: "Ndiyo, Mwalimu. Sawa, Mwalimu." Na akishtuka, alikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Walikuwa wakipita kando ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, mwendo wa kutembea, baiskeli ikachomoza kwenye uchochoro. Haikuwa karibu hata kidogo. Lakini Mkunga aliiona, na miguu yote miwili ikashuka. Gari likasimama kama lililogonga mwamba, injini ikazima, mwendesha baiskeli akapita zake akipiga mluzi.

Mwalimu Taratibu hakusema taratibu. Kifua kilikuwa kimemchoma kwa namna ambayo hakijawahi kumchoma, pumzi ikakatika nusu njia, kijasho chembamba kikamtoka kwenye paji la uso. Mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi hadi vidoleni. Alitazama mbele, kwenye kioo, kama anasoma kitu kilichoandikwa pale.

"Washa gari, Mama," akasema kwa sauti isiyo yake.

Mkunga hakuwasha. Alivuta breki ya mkono, akageuka, akamtazama. Ile sauti ndogo ya mwanafunzi ikapotea kama haikuwahi kuwepo.

"Inauma wapi?"

"Haiumi. Weka gia huru, kisha..."

"Mwanangu, nimedanganywa na wanawake elfu nne. Inauma wapi?"

Mwalimu akaonyesha kwa kidole.

"Inachoma au inabana?"

"Siku zote inachoma. Leo sijui. Vyote."

"Mkono je?"

"Una ganzi."

"Tangu lini?"

"Mkono ni sasa hivi. Kifua, wiki ya tatu hii."

"Wiki ya tatu!" Mkunga alikuwa tayari ameshamshika kifundo cha mkono, akihesabu mapigo huku midomo ikicheza. "Na umenyamaza."

"Ni gesi tu, Mama."

"Gesi ina mlango wake wa kutokea, na mlango huo hauko usoni. Tazama jasho hilo. Tunakwenda hospitali."

"Baada ya somo nitapita."

"Somo ndilo hili."

Mkunga akapiga simu ya gari la wagonjwa. Sauti upande wa pili ikamwambia lililopo limekwenda mbali, wangoje dakika arobaini. Hospitali ilikuwa kilomita mbili tu kutoka pale, moja kwa moja, ukishavuka mzunguko mkubwa wa barabara. Wakaangalia mbele, wakaangalia nyuma. Mtaa ulikuwa mtupu. Hata yule wa baiskeli alishatoweka.

"Tubadilishane viti," Mwalimu akasema. "Mimi nitaendesha."

"Uzimie kwenye usukani tufe wawili? Kaa hapo."

"Basi nani ataendesha?"

Wote wawili wakautazama ufunguo.

Aliyekuwa nje angefikiri ndani ya gari lile kuna mtoto anazaliwa. Mwalimu alikuwa ameegemea kiti akitoa maelekezo kwa pumzi za mafungu, na Mkunga, mikono ikiung'ang'ania usukani, alikuwa akitoa yake.

"Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo!"

"Gia ya pili. Ya pili, Mama, hiyo ni ya nne."

"Usijikaze! Legeza mabega!"

"Legeza wewe, unauvunja usukani!"

"Kifua kinasemaje?"

"Tazama barabara!"

Ilikuwa kweli kwamba Mkunga hakuweza kuuliza swali bila kumtazama mgonjwa, na kila alipomtazama mgonjwa gari lilielekea alipotazama. Walikwenda hivyo, wakipepesuka, hadi kwenye mzunguko.

Mzunguko ulikuwa somo la kumi na moja. Mkunga hakuwahi kuuingia. Aliuingia sasa kwa sababu hakujua namna ya kutouingia, na alipokuwa ndani akagundua kuwa kutoka ni elimu nyingine kabisa. Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara ya pili. Katikati alisimama askari wa barabarani, na mara ya tatu walipompitia alianza kuwapungia mkono kama jamaa zake.

"Tunatoka lini?" Mkunga akauliza.

"Nimekuambia mara mbili!"

"Ulisema 'sasa', na sasa yenyewe ikapita!"

Hapo ndipo Mwalimu Taratibu, kijasho kikimtiririka na hofu imemkaba, aliposhikwa na kicheko. Kilimtoka bila ruhusa, na kila kikitoka kilimchoma. "Usinichekeshe," akasema, machozi yakimlengalenga. "Usinichekeshe, Mama, nitakufa."

"Hufi kwenye zamu yangu," Mkunga akasema, akawasha indiketa, akafumba jicho moja, akatoka. Magari matatu yalipiga honi kumpongeza au kumlaani.

Mbele ya mlango wa wagonjwa wa dharura alisimama kwa ile breki yake ya miguu miwili, Mwalimu akapiga yowe, na mlinzi akaja mbio.

"Mama, hapa ni pa magari ya wagonjwa!"

"Na huyu nimemleta kuuza karanga? Lete kiti cha magurudumu!"

Mlinzi aliijua aina ile ya sauti. Akaleta kiti.

Mwalimu Taratibu alikuwa amejiandaa kupanga foleni, kujieleza, kuona haya. Hakupata nafasi. Alipotamka neno kifua tu, muuguzi akamlaza, akambandika vibandiko vya nyaya kifuani na kwenye viungo, na mashine ndogo ikatoa karatasi yenye mistari ya vilima. Daktari alikuwa binti kijana mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samahani kwa usumbufu, daktari, pengine ni gesi."

"Pengine. Wengi wanaokuja hapa na kifua hukutwa hawana ugonjwa wa moyo. Tatizo ni kwamba kwa kukutazama tu siwezi kujua wewe ni wa kundi gani, na wewe ndiyo kabisa huwezi." Akaishika ile karatasi kwenye mwanga. "Hapa moyo wako uko sawa. Lakini kipimo kimoja hakinitoshi. Nachukua damu sasa, na nitachukua tena baada ya saa tatu. Moyo ukiumia, damu husema, ila wakati mwingine huchelewa kusema."

Mlinzi akachungulia pazia. "Samahani. Lile gari. Kuna mgonjwa mwingine anakuja."

Mkunga, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda kama vile hakustaafu, akatazama sakafu. "Siwezi kulirudisha nyuma," akasema, na ile sauti ndogo ikamrudia. "Kurudi nyuma ni somo la kumi."

Mwalimu Taratibu akainuka na nyaya zake. "Ngoja nikalitoe. Dakika moja tu."

"Lala chini!" wakasema watatu kwa pamoja: daktari, Mkunga na mlinzi.

Wokovu ulikuja na kinyozi. Alikuwa amepigiwa simu katikati ya kazi, na aliingia akiwa bado amevaa koti la kibandani, mashine ya kunyolea mkononi, waya unaburuta. Nyuma yake alikuja mteja aliyemleta kwa gari lake, mzee wa heshima zake, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu ya pili imebaki kama ilivyokuwa. Mteja huyo ndiye aliyekwenda kuliondoa gari la shule, akaliegesha kivulini, kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa kwa subira kubwa, akisubiri kinyozi wake. Waliopita walimtazama kichwa, wakadhani ni mgonjwa wa aina mpya.

Mkunga akatoka kwenda kutafuta chai. Mume na mke wakabaki peke yao nyuma ya pazia, mashine ikitoa milio yake midogo.

Kinyozi alikaa akauweka mkono wake juu ya wa mkewe.

"Mbona hukutaka tuje?" akauliza. "Wiki tatu nakubembeleza."

Mkewe alitazama dari. "Unajua baba alikufaje."

"Najua. Moyo."

"Unajua moyo. Hujui asubuhi yenyewe, sijawahi kukusimulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda kufunga viatu, aende kazini. Akajishika hapa. Mama akamuuliza una nini, akasema gesi tu hii, itapita. Akafunga kiatu kimoja. Alikuwa na miaka hamsini na minne." Akazishika nyaya kifuani. "Na mimi Jumanne ile nilikuwa nimeinama hivyohivyo, nafunga viatu."

"Basi si ndiyo ungekimbia hospitali siku hiyohiyo?"

"Wewe unafikiri kwa mpangilio. Mimi niliona kwamba nisipokuja, hakuna atakayeniambia. Na nikiendelea kusema gesi, basi ni gesi."

Kinyozi alimtazama mkewe, mwanamke aliyekuwa akiwasimamisha watu barabarani kwa kuona hatari mita mia mbili kabla haijatokea, akatikisa kichwa.

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufelisha," akasema.

"Ningejifelisha mwenyewe."

Wakacheka, naye akajishika kifua, na mashine ikalia kidogo kana kwamba inawaonya.

Damu ya pili ilichukuliwa, na majibu yakaja alasiri. Daktari aliingia na uso ambao Mwalimu alijaribu kuusoma akashindwa.

"Damu zote mbili ni safi. Picha ya kifua ni safi. Leo moyo wako haukuumia, na nina hakika nao."

Kinyozi akashusha pumzi kwa sauti, kama gurudumu lililotobolewa.

"Sasa tutafute kinachouma," daktari akaendelea. "Nitabonyeza. Niambie." Akaanza kwa kidole kimoja begani kushoto, akashuka kidogokidogo, mshazari, kuelekea katikati ya kifua. Begani palikuwa pazuri. Chini kidogo pakauma. Alipofika pale mbavu zinapokutana na mfupa wa kati, Mwalimu Taratibu aliruka kitandani.

"Hapo! Hapohapo, ndiye yeye!"

Daktari akashuka zaidi, bado mshazari, kuelekea upande wa kulia, na palikuwa panauma njia nzima. Akakunja uso. "Ni kama mstari. Unabeba mkoba wa kupitisha kifuani?"

"Hapana."

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafundisha udereva."

Daktari akachora mstari hewani, kutoka bega lake mwenyewe la kushoto hadi nyonga ya kulia. Akauchora tena. Wa kwanza kuelewa alikuwa Mkunga, aliyekuwa ameshika kikombe mlangoni.

"Mkanda," akasema. "Mungu wangu, ni mkanda wa gari. Mkanda huo ni mimi!"

"Si wewe peke yako," Mwalimu akasema polepole, huku wiki tatu zikipita mbele ya macho yake, breki baada ya breki. Bucha alikuwa ameanza masomo lini? Jumatatu. Jumatatu ya kabla ya ile Jumanne.

Daktari akawaeleza kwa lugha nyepesi. Kila gari liliposimama ghafla, mkanda ulifanya kazi yake, ukamshika. Mara moja haina neno. Lakini mara kumi, ishirini kwa siku, mahali palepale, zile gegedu laini zinazounganisha mbavu na mfupa wa kifua zilikuwa zimevimba. Ndiyo maana akiinama zinachoma, akicheka zinachoma, akipiga chafya zinachoma, na Jumapili zinapumzika. Ganzi ya mkono na jasho la leo, alidhani, yalikuwa hofu na kuhema mbio baada ya maumivu makali.

"Kwa hiyo nilikuja bure," Mwalimu akasema, nusu kwa aibu.

"Hukuja bure. Ulichelewa wiki tatu. Hili nimelijua sasa, baada ya vipimo, si kabla. Mbavu zinaweza kuuma na moyo nao ukawa mgonjwa, havikatazani." Daktari akainua kidole. "Na nisikilize vizuri. Siku kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, au maumivu yakipanda shingoni, kwenye taya au mkononi, au ukakosa pumzi, ukatoka jasho la baridi, hupandi ngazi kujipima wala huulizi mtaa, maana mumeo amenisimulia yote. Unaita gari la wagonjwa. Likichelewa, unatafuta dereva. Dereva mwenye leseni." Akamtazama Mkunga. "Mwanafunzi wa somo la nane si gari la wagonjwa."

"Lakini tulifika," Mkunga akasema.

"Baada ya kuzunguka mara ngapi?" aliuliza mlinzi nyuma ya pazia, ambaye kumbe hakuwa ameondoka, na habari zilishamfikia kutoka kwa askari wa mzunguko.

Kulikuwa na jingine. Shinikizo la damu la Mwalimu lilikuwa juu kidogo, hata alipotulia, na kwa historia ya baba yake daktari hakupenda kuliacha hivihivi. Akampa dawa za kutuliza uvimbe, siku kumi za kutokaa kwenye gari la wanafunzi, na tarehe ya kurudi kliniki. Na mkanda, alisema, aendelee kuufunga siku zote. Mwenye kosa alikuwa mguu wa kwenye breki.

Siku kumi zile Mwalimu Taratibu alizipitisha akifundisha darasani ghorofa ya tatu, akipanda ngazi polepole kama binadamu wengine. Bucha alipopata habari alikuja nyumbani amevaa shati la heshima, akasimama mlangoni bila kujua mikono aiweke wapi.

"Nimesikia nimekuvunja mbavu, Mwalimu."

"Hujavunja. Umezichokoza. Vua viatu, ingia."

Na kule kuvua viatu ndiko kulikompa wazo. Aliporudi kazini, wiki nzima ya kwanza hakumruhusu mwanafunzi yeyote kwenda popote. Gari lilisimama uani, na mwanafunzi akakanyaga breki akiwa peku, jicho kwenye glasi ya maji iliyowekwa juu ya dashibodi, kisha gari likitembea hatua tano, kumi, ishirini. Maji yakimwagika, anaanza upya. Bucha alimwaga glasi kumi na nne siku ya kwanza na kurudi nyumbani suruali imelowa. Siku ya nne hakumwaga hata tone, akashuka garini akawasalimia watu wote waliokuwa uani kwa kuwapa mkono, mmoja mmoja.

Mkunga alimaliza masomo yake, la kumi na la kumi na moja yakiwemo. Mtihani wa kwanza alifeli, si kwa breki, bali kwa sababu mtahini aliguna kidogo naye akasimamisha gari amuulize anaumwa wapi. Wa pili alifaulu.

Kifua kilichukua wiki sita kutulia kabisa. Siku ya kliniki kinyozi alifunga kibanda akamsindikiza mkewe. Muuguzi akampima Mwalimu Taratibu, akaandika, akasema namba zimeshuka vizuri. Kisha, kwa kuwa mkanda wa kipimo ulikuwa mkononi na foleni ilikuwa fupi, akamgeukia mume.

"Na wewe baba, umewahi kupima?"

"Mimi? Mimi ni mzima. Nimesindikiza tu."

"Vua koti, kunja mkono wa shati."

Mashine ikavimba, ikapumua, ikaonyesha namba. Muuguzi akaitazama, akapima tena mkono wa pili, akaitazama zaidi.

"Hiyo mashine itakuwa mbovu," kinyozi akasema. "Jana nimekunywa chai nyingi. Halafu nimetembea haraka. Na hiki kiti..."

Mwalimu Taratibu alikuwa tayari amempokea koti, amelikunja magotini mwake, na kuvuta kiti cha pili karibu na cha mumewe.

"Sogea," akasema. "Kaa vizuri, ngoja daktari. Hatuna haraka."